Neno Alilomtupia Nanyama

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Nawe uliyesimama dukani kusikiliza redio ya mwenyewe, sogea karibu.

Leo tunamkumbuka Mama Wilkista Nekoye wa Kamukuywa, aliyezikwa Alhamisi. Mama Nekoye, mkulima, mama wa watoto watano, Mkristo kwa miaka ishirini na sita. Na alikuwa na ulimi! Siwafichi. Mume wake, Mzee Wepukhulu, ameniambia, "Usimpake mafuta, bwana. Sema vile alikuwa."

Basi nasema. Alilelewa Kitale, katika kambi ya vibarua wa shamba la mahindi, na huko asiyejua kufoka alionewa. Akaokoka mwaka 1931. Pombe hakunywa, kuiba hakuiba. Lakini ulimi ulimshinda. Jumapili anatubu kanisani kwa machozi. Jumanne mtoto kamwaga maziwa, neno limeshatoka. Jumapili anasimama tena. Watu wakambandika jina, Mama Tubu-Tena. Walicheka, naye akacheka nao, lakini akifika nyumbani chakula hakipiti. Aliogopa, wasikilizaji. Aliogopa kwamba Mungu amechoka naye.

Akabuni dawa yake. Hasira ikipanda anachota maji, anajaza mdomo, anakaa hivyo hivyo mpaka moyo utulie. Watoto wakiona mashavu yamefura, wanatoweka! Siku nyingi dawa ilifaa. Siku moja mtungi ulikuwa mtupu.

Ilikuwa mwaka 1946. Binti yake Nanyama alisahau kufunga mlango wa boma, mbuzi wakatoka wakala kunde zote. Mama Nekoye akamfokea, "Mikono isiyofunga mlango haitabeba mtoto!"

Kwetu neno la mzazi halianguki chini. Mama Nekoye alilisikia likitoka. Aliingia nyumbani akapiga magoti, akamwomba Mungu msamaha. Lakini kwa Nanyama hakuomba. Tangu lini mzazi akamwangukia mtoto?

Ikapita miaka mitatu. Nanyama alikuwa ameolewa na Jotham, kibarua katika shamba la mzungu upande wa Naitiri. Asubuhi moja Jotham akafika Kamukuywa kwa baiskeli. Akasimama nje ya ua, uso ameugeuzia barabarani, maana mkwe hamtazami mama mkwe. Akaita, "Mama! Nanyama yuko na uchungu tangu juzi. Mtoto hatoki. Wakunga wanauliza nani alimsemea neno. Amesema ni wewe."

Mama Nekoye akafunga safari. Baiskeli ipo, lakini mkwe hambebi mama mkwe. Akatembea, Kamukuywa mpaka Naitiri, na hofu mbili kifuani. Desturi inataka mzazi aliyelaani ajaze maji mdomoni, amnyunyizie mwanawe, neno liondoke. Kanisa lake lilikataza. Akinyunyiza, si amemwacha Yesu? Asiponyunyiza, si amemuua Nanyama? Baadaye alimwambia mumewe, "Niliita Yesu njia nzima, na niliogopa asije akanijibu."

Mlangoni akakabiliwa na mama yake Jotham. "Umekuja kumalizia? Mchawi wewe!"

Hasira ikapanda. Hapo hapo, jamani! Binti yuko ndani anakufa, na mama anasikia laana nyingine inakuja mdomoni. Hajawahi kuogopa kitu kama alivyojiogopa siku ile. Akaona kibuyu cha maji kando ya mlango, akakinyakua, akajaza mdomo.

Sasa fikirieni wale wanawake waliona nini. Mama mzazi, mashavu yamejaa maji! "Amekubali!" wakasema, wakampisha mbio. Mkunga, Jepkoech, akamfunua Nanyama kifua. Nanyama akafumba macho, akangoja kunyunyiziwa.

Mama Nekoye akasimama. Kutema hawezi, kusema hawezi. Kisha akameza. Akapiga magoti mbele ya mtoto aliyemzaa mwenyewe. "Nanyama, mwanangu, nilikukosea. Lile neno lilikuwa langu, halikuwa la Mungu. Nisamehe."

Nanyama ameniambia, "Ndio niliogopa zaidi! Mama yangu, apige magoti? Nikajua ananiaga. Nikamshika mkono, nikasema, nimekusamehe, Mama, inuka. Lakini ule mkono sikuuachilia."

Mtoto alizaliwa saa kumi jioni, mzima, akilia. Jepkoech anasema alikuwa amekaa vibaya tumboni, akageuka. Mimi si mganga wala mchungaji. Nawaeleza nilivyoelezwa.

Je, ulimi ulipona? Wapi! Nanyama anacheka huku machozi yakimtoka. "Hata wiki ile aliyofariki alinifokea, ati nimetia chumvi nyingi. Nikatoka. Sijafika barabarani, namsikia nyuma yangu na fimbo yake, anaita, Nanyama, ngoja, nimekosa."

Siku ya mwisho Mzee Wepukhulu alimuuliza kama anaogopa kukutana na Mungu. Akajibu, "Naogopa sana. Lakini kuomba msamaha nimezoea. Nitaomba tena."

Mzee Wepukhulu, Nanyama, Jotham, na jamaa wote wa Kamukuywa na Naitiri, poleni sana. Mungu awape nguvu.

Nawe msikilizaji, kama leo asubuhi kuna neno ulimtupia mwanao, usimwambie Mungu peke yake. Mtoto hajafika mbali. Zima redio, umfuate.