Vijiwe vya Bibi Salme Ukutani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kata, Bwana Aivar Lepik, Mwalimu Mkuu, fundi Heino, Bibi Salme mwenyeji wetu, ndugu wageni mliotoka karibu na mbali:

Leo ni tarehe 12 Juni 2010, siku ya kulifungua banda letu la mawe liwe maktaba ya kijiji. Mwalimu aliniambia, mimi mwanafunzi wake, nisifie paa jipya, nami nalisifia. Lakini nimejiahidi moyoni kwamba nitasema yote.

Banda hili, ng'ombe chini na nyasi kavu juu, lilijengwa mwaka 1930 na baba yake Bibi Salme, kwa mawe aliyoyang'oa shambani mwake. Je, mmewahi kusogea karibu mkautazama ukuta? Katikati ya mawe makubwa, chokaa yote imepachikwa vijiwe vyekundu na vya kijivu, ili mvua isiile. Hapa kwetu, mkoani Võrumaa, wanaume waliinua mawe. Vijiwe vilikuwa kazi ya wanawake na watoto, kila mtu kwa kimo chake. Kijiwe huingia ncha ndani, bapa nje.

Ukuta wa mashariki, usawa wa kiuno changu, ncha ziko nje. Wiki iliyopita fundi Heino alijikwaruza kiwiko hapo.

"Bibi, sehemu hii alijenga mlevi?"

"Nilijenga mimi. Nilikuwa na miaka saba, na siku hiyo sikuwa nimeonja kitu."

"Na baba yako hakukuchapa?"

"Angenichapa, ila ng'ombe walipapenda! Walijikuna hapo mpaka wakagoma kutoka. Baba akasema, mwacheni, amewajengea kitana."

Tulicheka sote. Kisha Bibi akasema kwa sauti ndogo, "Haya, piga plasta, mwanangu. Ni aibu kwa wageni." Lakini mkono wake ulibaki ukutani, ukipapasa kijiwe kimoja kimoja, navyo, kwa kusuguliwa miaka mingi na migongo ya ng'ombe, vinang'aa.

Ndugu wageni, nani kati yetu aliifanya kazi akiwa na miaka saba, na bado imesimama? Mimi hata daftari zangu za darasa la kwanza sijui ziliko.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio. Mheshimiwa Mwenyekiti, plasta imepangwa Jumatatu, na mwenye uwezo wa kuizuia ni wewe. Bibi ameketi mbele yako, na mkate mweusi umeshakatwa: je, utamwambia sasa hivi, kabla hatujakaa kula, kwamba vijiwe vyake vitabaki?