Alama Nilizozifuta Kifuani

Ndugu zangu, jina la Bwana litukuzwe asubuhi hii, hata kwa kinywa kilichokwisha kulitumia vibaya. Wengi wenu mlinisikia nikisimama mahali hapa hapa na kutangaza kwamba nimepona saratani ya mapafu. Mlipiga makofi. Akina mama walipiga vigelegele. Leo nimesimama kuwaambia kwamba siku ile nilisema uongo. Nimeomba nisome kwenye karatasi, kwa sababu kinywa changu nakijua kikiachiwa.

Kwa wasionifahamu, mimi ni fundi wa mashine za kusaga nafaka hapa Kerege. Shule yangu iliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza kwa kusoma vitabu chakavu, kufungua injini na kuandika. Mashine ikiletwa kwangu, naandika inavyolia, nilichokikuta ndani na nilichokibadilisha. Siirudishi kwa mwenyewe mpaka nimesaga nayo debe zima la mahindi na kuutazama unga kwa macho yangu. Ndivyo nilivyofanyia vyuma, ndugu zangu. Kwa nafsi yangu sikufanya hivyo.

Nilivuta sigara tangu ujana mpaka siku niliyookoka. Kikohozi kilipoanza, nilijinunulia dawa dukani, chupa baada ya chupa, nikadhani ni vumbi la unga. Siku niliyotema damu kwenye leso, mke wangu Mama Rehema aliitazama ile leso, akanitazama na mimi.

"Baba Rehema, mashine ya mtu ikivuja hivi, unaiacha?"

"Ni koo tu limechubuka."

"Koo! Vaa shati twende."

Nilipigwa picha ya kifua, nikaingizwa kwenye mashine ya vipimo, nikachukuliwa kinyama kidogo cha ndani. Jibu likarudi: saratani ya pafu la kulia, ingali mahali pamoja, haijatawanyika. Daktari wa Dar es Salaam alinieleza taratibu, nami nikaandika. Alisema nitatundikiwa dripu za dawa kali na kupigwa mionzi mara thelathini, siku tano kwa wiki. Akasema, "Baba, hapa tunalenga kuung'oa ugonjwa wote. Lakini usikatishe." Neno usikatishe nililipigia mstari mara mbili. Daftari ninalo.

Nilihamia kwa dada yangu Tegeta ili niwe karibu na tiba, nikirudi Kerege kila Ijumaa jioni. Dripu zilininyoa nywele, zikanifanya nichukie hata harufu ya samaki wa kukaanga, mimi mtu wa pwani! Mionzi yenyewe haiumi unapopigwa. Unalala peke yako chumbani, mashine inakuzunguka, unaambiwa usitikisike. Kabla ya yote walinichora kifuani kwa wino mistari na visalaba vidogo. Kijana wa mionzi alinionya, "Mzee wangu, hapo usipasugue. Mashine inalenga hizo alama. Zikifutika, hatujui tunapiga wapi."

Nilipigwa mara kumi na moja. Kikohozi kikapungua, damu ikakoma, nikaanza kulala chali. Yashikeni hayo, ndugu zangu. Nafuu ilikuja nikiwa kwenye tiba, kabla ya jambo lolote jingine.

Jumamosi moja kulikuwa na mkutano wa injili hapa, na mhubiri mgeni. Alipoita wagonjwa nilikwenda mbele. Alinifungua vifungo vya shati aniwekee mkono, akaona ule wino.

"Nani amekupiga mihuri hii?"

"Hospitali, mtumishi."

"Wewe ni mali ya nani?"

"Ya Bwana."

"Basi mihuri ya mauti inafanya nini juu ya mali ya Bwana? Nendeni mkamwogeshe!"

Mkutano mzima ulilipuka. Ndugu wawili walinishika mikono, tukatoka nyuma ya kanisa penye bomba, mtu akaleta kipande cha sabuni ya kufulia. Nilijisugua mwenyewe. Nasema mwenyewe, kwa sababu nimewasikia wanaomlaumu yule mhubiri peke yake. Yeye hakuniambia niache hospitali. Mchungaji wetu pia hakuniambia. Mikono iliyosugua ni hii. Nikarudi mbele kifua kikiwa kimewiva kwa kusuguliwa, nikapewa kipaza sauti, nikasema, "Nimepona!" Sikuwa nimepimwa. Nilikuwa na nafuu ya kikohozi na kelele za watu, basi!

Mkishatoa ushuhuda, ndugu zangu, mnajua kinachofuata. Huwezi kurudi hospitali Jumatatu. Utapanda gari mbele ya macho ya nani? Watasema imani imemwishia. Mama Rehema aliniandalia begi kama kawaida, nami nikalirudisha uvunguni. Akaniuliza, "Sasa hizo kumi na tisa zilizobaki atapigwa nani?" Nikamwambia yeye ni mke wa Ayubu. Mungu anisamehe kwa neno lile.

Kuna dada aliyeitwa Felista. Wengi mlimjua, alifundisha watoto wetu darasa la tatu. Alikuwa na saratani ya titi na alikuwa katikati ya dripu zake. Alikuja kwangu kwenye mashine, kitambaa kichwani, akangoja mpaka nimezima injini.

"Fundi, umeacha kabisa?"

"Kabisa."

"Hata kupima hujarudi?"

"Nikapime nini, kilichoisha?"

Akacheka, akajigusa kitambaa. "Basi na mimi nywele zangu zirudi. Wanafunzi wananiita kipara cha mwalimu mkuu."

Akaondoka akicheka. Alinitazama kama mtu anayejua anachosema, kwa sababu mimi ndiye fundi ninayeandika kila kitu. Sikumwambia kwamba usiku wa kuamkia siku ile kikohozi kilikuwa kimerudi.

Kilirudi, naam! Nilikohoa nimefunika mdomo kwa gunia ili wateja wasisikie. Jirani yetu Bi Mwanahawa hakudanganyika. Alipaza sauti juu ya ua, "Jirani, umeponywa kifua au umeongezwa? Mbuzi wangu wanaamka kwa ajili yako!" Nilimwona adui wa imani. Kumbe katika mtaa mzima, yeye na mke wangu ndio pekee waliosema ukweli.

Felista alikufa. Ugonjwa ulimpanda mgongoni, kisha kwenye ini. Alirudi hospitali akiwa amebebwa, na wakati huo hapakuwa na la kufanya ila kumpunguzia maumivu.

Mnajua desturi yetu: kabla ya kuzika husomwa wasifu wa marehemu. Familia iliniita niuandike, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Niliketi sebuleni kwao na mama yake mzazi, Bibi Anastazia. Nikaandika alipozaliwa, alikosoma, shule alizofundisha. Nilipofika kwenye ugonjwa nikaandika kama tunavyoandika siku zote, kwamba marehemu alitibiwa katika hospitali mbalimbali bila mafanikio. Nikamsomea.

Akasema, "Futa hapo."

"Nifute nini, mama?"

"Bila mafanikio. Uvimbe ulikuwa umesinyaa, daktari alituambia. Andika aliacha dawa."

"Watu watauliza kwa nini aliacha."

"Andika na kwa nini."

Hakupandisha sauti. Alikuwa anachambua maharage ya waombolezaji, wala hakuacha kuchambua. Nikaandika kwamba marehemu aliacha tiba baada ya kusikia ushuhuda wa ndugu mmoja. Bibi akaniambia nirudie kusoma. Nilipofika pale "ndugu mmoja," mkono wake ukasimama juu ya ungo. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaendelea kuchambua. Aliniachia nimalizie mwenyewe. Nami sikumalizia! Kaburini niliusoma hivyo hivyo, "ndugu mmoja," mbele yenu nyote, na kikohozi kikanikatisha mara mbili. Mliniombea mkidhani ni uchungu.

Ndugu mmoja ni mimi.

Jumatatu iliyofuata nilipanda gari saa kumi na mbili asubuhi, mke wangu akiwa ameshika begi. Kijana wa mionzi alinitambua. Nilipovua shati aliuliza, "Mzee, nani kakufuta?" Nikajibu, "Nimejifuta." Hilo ndilo neno la kwanza la kweli nililolitamka tangu siku ya mkutano, na hapo ndipo ninapohesabu kwamba Bwana alinifungua. Wengine hufunguliwa kwa kelele. Mimi nilifunguliwa nikiwa kifua wazi, natetemeka kwa baridi ya kile chumba, mbele ya kijana wa umri wa mwanangu aliyekuwa akitikisa kichwa.

Wala msifikiri nilirudishiwa nilichokitupa. Daktari alinieleza kwamba haiwezekani kuanza na ya kumi na mbili kana kwamba niliondoka jana. Uvimbe ulikuwa umekua na kuvuka hadi upande wa pili. Walipima upya, wakanichora upya, wakanipa dripu nyingine na mionzi michache. Nikamwuliza, tunalenga kuung'oa? Akasema, "Hapana, baba. Sasa tunauzuia." Nikaandika. Maneno hayo sikuyapigia mstari, yalitosha yenyewe.

Umezuilika mpaka leo. Napumua. Nasaga nusu siku. Sijui ni kwa muda gani, na sitawadanganya tena kwamba najua. Namshukuru Mungu kwa kila pumzi, na kwa waliosoma miaka mingi ili wajue mahali pa kulenga. Namshukuru kwa mke ambaye hakunyamaza. Felista siwezi kumshukuru wala kumwomba radhi, na hilo nitakwenda nalo.

Mtumainini Bwana, ndugu zangu! Mtumainini mkiwa kwenye foleni ya dripu, mtumainini mkiwa mmelala chini ya ile mashine. Ombeni kabla, ombeni baada, lakini malizeni! Mtu akisimama hapa kusema amepona, mpendeni, kisha mwulizeni amepimwa lini.

Sasa sitaita mtu mbele. Ila kama yupo humu, au nyumbani kwenu, aliyeacha tiba yoyote kwa sababu ya kinywa changu, aje kwangu leo kabla jua halijazama. Hahitaji kueleza kitu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi ninakwenda kliniki, na Mama Rehema ameshamwambia dereva atuwekee viti vitatu.