Mama Ubishi Hajawahi Kukubali Neno "Umri"

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi, Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mtaalamu wetu wa dawa ya usingizi anastaafu. Hospitali nzima inamwita Mama Ubishi. Jina hilo tulimpa kwa hasira, yeye akalipenda.

Alianza kama muuguzi wa wodi, akaenda kusomea usingizi, akarudi na tabia iliyotuchosha sote. Mgonjwa mzee hafutiwi upasuaji mpaka yeye avute kiti kando ya kitanda na kumuuliza: nyumbani unafanya nini mwenyewe? Unapanda ngazi? Unapika? Na wakati wa upasuaji miwani ya mgonjwa ilikaa mfukoni mwa Mama Ubishi, ili mgonjwa akizinduka tu avishwe. Mtu asiyeona, alisema, mtasema amechanganyikiwa bure.

Mimi ninayeandika haya ni daktari wa upasuaji, na nakiri kosa langu. Miaka tisa iliyopita nilimfuta kwenye orodha ya upasuaji bibi wa miaka tisini na mmoja aliyevunjika nyonga. Kwenye fomu niliandika sababu moja: umri. Binti yake alikuwa ameshafunga nguo, amrudishe nyumbani akalale chali hadi siku yake. Mama Ubishi akanifuata kantini, mbele ya wanafunzi wangu, akaniambia umri si ugonjwa. Kama moyo au mapafu yana shida, nitaje. Kama sina la kutaja, nikanawe mikono nimpasue. Lo, aibu niliyoipata! Kumbe hadi siku ile anateleza, bibi alikuwa akijichotea maji mwenyewe. Mimi sikuwa nimemuuliza.

Tulimpasua kwa ganzi ya mgongo. Siku ya pili alisimama, na akaishi miaka sita zaidi. Kila alipokuja kliniki alimkumbatia Mama Ubishi, mimi akanipita kama nguzo.

Si wote aliowapigania walipona. Aliwalilia, kesho yake akaja kubisha tena. Leo fomu yetu haipokei umri peke yake kama sababu, na hilo ni jasho lake.

Yule binti sasa ana miaka sabini na minne. Jumanne ijayo anatolewa mawe ya nyongo, na ameuliza nani atamtia usingizi. Tumemjibu: aliyefundishwa na Mama Ubishi.

Asante, dada yetu. Kapumzike, ule vizuri, ubishane na wajukuu. Tunakuombea uzee mrefu wenye afya, na siku daktari yeyote atakapothubutu kukufuta kwenye orodha kwa sababu ya miaka yako, atatukuta mlangoni.