Tangi Lililonyimwa Chakula

Mgeni rasmi, viongozi mlioongozana naye, majirani zetu wa sokoni na machinjioni, na wewe bwana mratibu wa mradi uliyetuambia risala isizidi ukurasa mmoja,

Karibuni kwa moyo mkunjufu. Mmechelewa, lakini hatukununa, kusubiri tumeshakuzoea.

Anayewasomea ni fundi wa kuchomelea. Risala hii ilikuwa ya mtafiti wetu mkuu, ambaye sote hapa, hata mlinzi aliyemzidi umri, tunamwita Shangazi. Amekataa kuisoma. Amesema akishika kipaza sauti leo atatamka maneno yasiyorudishika mdomoni. Yuko safu ya nyuma, amekunja mikono, na ukigeuka utamtambua kwa jinsi asivyopiga makofi.

TULIKOTOKA

Shangazi alirudi kutoka masomoni na wazo moja tu: taka za soko zinazooza nyuma ya karakana zitoe gesi ya kuendeshea magari. Wakubwa wakamcheka, wakampa chumba kilichokuwa stoo ya matairi ili awaondokee machoni. Akatuomba sisi mafundi tumuundie humo tangi la chuma.

Ndani ya tangi lile wamo vijidudu, na kazi yao ni kula. Wakila maganda, mboga zilizooza na mabaki ya machinjioni, wanatoa gesi. Wasipokula wanakufa, na wakifa hawauzwi dukani. Hawa wetu Shangazi amewalea miaka na miaka, akawazoesha chakula cha mji huu kidogokidogo kama mtoto anayeachishwa ziwa.

Ndiyo maana hapa hakuna anayeingia kazini mikono mitupu. Kila mmoja anakuja na ndoo ya maganda ya nyumbani kwake, anapima, anamimina, ndipo anavaa ovaroli. Wenzi wetu wamelalamika wee mpaka wamechoka. Mke wa mhasibu alimuuliza mumewe, "Hivi hilo tangi lako lina nini ambacho mimi sina?" Mhasibu akajibu, "Lenyewe halinigombezi." Siku hiyo alijipikia mwenyewe.

TULICHOFANYA

Tuliligeuza injini lori la taka la soko, likatembea kwa gesi yetu. Dereva wake, mtu mzito wa kusema, alilizungusha soko zima bila sababu yoyote ya kikazi, akashuka, akamwambia Shangazi, "Linavuta." Shangazi akajifungia stoo akalia. Tulimsikia, tukajifanya tuna kazi nyingi. Lori hilo bado linabeba taka, na sehemu ya taka hizo ndiyo inayolilisha tangi linaloliendesha.

YANAYOTUKERA

Tulielekezwa sehemu hii tuiite changamoto. Changamoto ni mvua kukunyeshea umeanika nguo. Haya yetu yana watu walioyafanya.

Serikali ilipotangaza kwamba itasaidia utafiti wa nishati mbadala na miundombinu yake, tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Shangazi aliomba kifaa cha kulipasha tangi joto, kipimo cha gesi kisichodanganya, na watafiti wawili wa kumsaidia. Ikaja pampu ya kujazia magari gesi, hii uliyokuja kuizindua. Likaja paa la pampu, vigae vya chini ya pampu, taa za pampu, na ukuta wa kuipendezesha pampu. Miundombinu ikapata kila kitu, utafiti ukabaki kwenye hotuba.

Shangazi alimfuata mratibu. "Sasa hii pampu itatoa nini?"

"Daktari, hayo ni ya awamu ya pili."

"Na tangi kubwa la kuilisha?"

"Nalo la awamu ya pili."

"Na awamu ya pili lini?"

Mratibu akapokea simu ambayo sisi hatukuisikia ikilia.

Mgeni rasmi, gesi itakayoingia kwenye gari lako leo si yetu. Imenunuliwa kwa mfanyabiashara, na mitungi yake imefichwa nyuma ya ukuta huo wenye rangi mpya. Tumeagizwa tupige makofi ukishika mpira wa pampu. Hatutapiga.

Hata hilo tungelimeza. Lililotukaa kooni ni jingine. Wiki hii mratibu ameifunga stoo kwa kufuli, akapiga marufuku tangi kulishwa mpaka wageni muondoke, eti harufu itawaudhi. Shangazi alimweleza kwa upole, kisha bila upole. Mratibu akamjibu, "Ni vijidudu tu, mama. Watavumilia."

Tangu hapo kila asubuhi Shangazi anakwenda kuutegea sikio mlango wa stoo. Tangi lenye afya linachemka polepole, unalisikia hata kwa nje. Jana aliinuka pale, akajipangusa vumbi magotini na kusema, "Bado lipo, lakini kwa mbali."

Tumekasirika, na tunataka ulijue hilo kutoka vinywani mwetu. Mtu anayemheshimu mgeni kwa kukiua kile mgeni alichokuja kukisifu, amemdharau mgeni na amewadharau wenyeji.

OMBI

Maombi yalikuwa mengi. Shangazi ameyafuta yote, akaacha moja.

Ufunguo wa stoo uko mfukoni mwa mratibu, aliyeketi kulia kwako. Tunaomba umwambie autoe. Sasa hivi, kabla ya utepe, kabla ya picha na kabla ya chakula. Tangi likifa, hiyo pampu itakuwa sanamu, na sisi hatuna miaka mingine ya kulea upya.

Harufu inayokufanya ushike leso tangu ulipoketi haitoki stoo. Inatoka chini ya viti vyetu. Wafanyakazi wote unaowaona hapa wamekuja na ndoo zao, na wa soko na machinjio wamekuja na zao. Risala ikiisha tutasimama kwenye foleni mlangoni pa stoo, Shangazi mbele. Ukija na ufunguo tutakupisha na kukupa ndoo. Ukienda kwanza kwenye utepe, tutakuwa tumejua umekuja kuzindua nini.

Mungu akujalie afya, akurudishe salama kwa watoto wako, na akupe ujasiri wa kunyoosha mkono kulia.

Ni sisi,
Walisha tangi wa karakana ya gesi, tukiwa tayari tumesimama.