Unga Aliowamwagia Sisimizi Papa Lambert

Jumatatu, mbele ya waombolezaji, Hugues, kaka wa marehemu, alinitoa kando ya mwili wa mume wangu akaniita ndoki, yaani mchawi. Alisema unga uliomwagwa mlangoni petu kila alfajiri ndio uliomla mdogo wake. Basi maisha ya Lambert nitayasema mimi Fortunée, mjane wake, na huo unga nitausema.

Papa Lambert Lisungi alizaliwa Barumbu tarehe 9 Mei 1968, mtoto wa mvuvi. Alisoma hukohuko hadi darasa la sita, kisha akaja Kisangani kumfuata Hugues.

Mwaka 1991 alianza kulinda depo, ghala la bidhaa, ya Patron Jayesh, mfanyabiashara wa dini ya Kihindu. Kila asubuhi alimwona patron akiwamwagia sisimizi unga na sukari kabla hajagusa chai yake.

Tulifunga ndoa parokiani, Mangobo, tarehe 6 Agosti 1994. Haukupita muda nikaona unga wa muhogo unapungua. Nilidhani kuna mwanamke. Nikamvizia, nikamkuta ameinama mlangoni, kiganja kimejaa unga. Sikutulia. Nilimfuata patron dukani.

“Patron, unamufundisha bwana yangu dawa gani?”

Akacheka. “Mama Fortunée, hakuna dawa. Kwetu, kuhurumia kila kitu yenye uhai iko kazi ya Mungu, sawa vile kusali. Ukiacha, umekosa.”

“Na sisimizi watakulipa nini?”

“Hapana kitu. Mungu mwenyewe iko ndani yao.”

Niliondoka bila kumwamini. Mjini hapa nani anatoa bure? Nilichungulia miaka yote, nisione kitu ila unga. Na misa ya Jumapili Lambert hakuikosa.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2023. Aliposhindwa kuinama, alinituma mimi. Nilimwaga huku nikitazama macho ya majirani. Siku moja Hugues akapita.

“Shemeji, unalisha nani pale chini?”

“Uliza mdogo wako, shemeji. Iko ndani, amelala.”

Hakuingia kuuliza.

Lambert alifariki Ijumaa, 14 Machi 2025, kichwa chake mapajani mwangu.

Ameacha mjane, watoto watatu, Sandrine, Trésor na Benie, wajukuu wawili, na kaka yake. Mungu ampokee, apate pumziko lake.

Hugues ameketi benchi la mbele, hapa makaburini. Deni lake ni hili: asimame mbele ya watu walewale waliomsikia Jumatatu, aseme Fortunée si ndoki. Kaburi halijafukiwa. Tunamsubiri.