Mkoba kwenye Choki

Chapa, basi dogo la kwenda Palma, kaskazini mwa Msumbiji, lilikuwa na abiria wanne, viti vitupu tele, lakini mzee Momade alikwenda kukaa ubavuni mwa kijana mwenye kucha nyeusi za oili. Mtu aliyeishi peke yake miezi minane hachagui kiti, huchagua sikio.

"Mwanangu, wewe fundi?"

"Ndiyo, baba. Fundi Eduardo, wa Mueda."

"Pikapu yangu inanikatalia kumfuata mke wangu aliyeko mjini Pemba. Asubuhi inawaka vizuri. Ikifika mbali kidogo inatoa moshi mweusi, inanuka petroli, inazima."

"Choki hiyo, kile kishikio cha kuzidisha petroli. Unaivuta kuwashia, halafu unairudisha?"

"Naisukuma mpaka mwisho. Mimi si mtoto!"

"Basi inatoka yenyewe. Hakuna kitu kinachoivuta?"

Mzee akatazama nje, mihogo ya watu ikipita. "Pana mkoba wa mke wangu, mama Zainabo. Aliutundika hapo siku tulipokimbia vita."

Eduardo akacheka mpaka akajipiga paja. "Mchawi wako huyo, baba! Barabara ikitikisa, mkoba unavuta choki, injini inazama kwa petroli. Utoe, utafika Pemba."

"Nyumba iliungua. Mkoba ule ndio kitu pekee kilichobaki pale alipokiweka kwa mkono wake."

Kicheko kikamkauka fundi. "Basi uweke kwenye kiti cha mama, humo garini," akasema taratibu.

Chapa likasimama kijijini Mute. Mzee akainuka, akashika mlango.

"Na yeye akija, atakaa wapi?"

Akashuka.