Jumanne Jina Lako Likiitwa: Risala ya Waendesha Mikokoteni ya Punda wa Mokgalwane kwa Mbunge Wao

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Oarabile Sekgwama, mbunge wetu; na wewe Kgosi, chifu wetu, uliyetufungulia baraza la kgotla leo; wazee mliokuja na viti vyenu mkononi, akina mama, na nyie wenzangu mnaochomwa na jua huko nyuma: dumelang, salamu kwenu nyote.

Naitwa Gofaone Tsheko, katibu wa chama. Kidato cha tano nimemaliza, kazi bado, kwa hiyo mwandiko wangu unatumika hapa bure. Ninayosoma ni ya sisi sote. Mwenyekiti wetu, Rre Molefhi, nilimsomea yote jana akasema, "Hapo kwenye tusi pafute. Kwingine pako sawa." Tumepafuta.

KARIBU

Mgeni rasmi, karibu nyumbani. Nyama ya seswaa imeshapondwa, uji wa mtama uko tayari, hata maziwa ya mgando yapo. Hatutaki useme ulikuja Mokgalwane ukaondoka na njaa.

Tunajua umekuja kutukabidhi stika zinazong'aa usiku, tubandike kwenye mikokoteni ili malori yasitugonge barabarani. Tunashukuru. Zilihitajika.

Ila tusifichane. Baada ya ile kura yako, wapo vijana waliosema usipokelewe. Walisema, "Aje atukute tumekaa majumbani, ahutubie miiba." Rre Molefhi akawajibu, "Mgeni hafungiwi lango. Anafunguliwa, anakalishwa, halafu anaambiwa." Basi Mheshimiwa, tumekufungulia, umekaa. Sasa tunakuambia. Wewe ni mtoto wa kgotla hii, unajua hapa hakuna neno linalofukuzwa.

TULIKOTOKA

Chama hiki kilianza kisimani, kwa ugomvi. Kila mtu na mkokoteni wake alitaka kuteka maji wa kwanza, fimbo zikawa zinatembea. Rre Molefhi akatupanga foleni. Foleni ikawa mkutano, mkutano ukawa chama. Tunabeba maji, tunabeba kuni, tunabeba tofali. Wagonjwa tunawavusha mto wetu mkavu wa mchanga mpaka zahanati, kwa sababu gari la wagonjwa likifika ng'ambo linapiga honi tu, halivuki. Na Mma Boikanyo, mama huyu aliyekaa hapa mbele na kitambaa cha kijani, ndiye aliyevusha nusu ya watoto wa kijiji hiki wakiwa bado tumboni.

Mikokoteni yetu tunaunda wenyewe. Ukiinama ukaangalia chini utaona ekseli za pikapu zilizokufa. Kwetu gari likifa, punda wanalirithi. Naomba ulikumbuke hilo, nitalirudia.

ULIYOTUFANYIA

Mheshimiwa, sisi si watu wa kusema mabaya tu. Redio yetu inaning'inia kwenye mkokoteni wa mwenyekiti pale kisimani, na Bunge likikaa tunalisikiliza kama wengine wanavyosikiliza mpira.

Mwanzoni ulitutesa. Miezi na miezi hatukusikia sauti yako ila siku ile ulipompongeza Spika kwa kuchaguliwa. Tulichokuwa tunakijua ni kikohozi chako tu. Una kikohozi cha peke yako, kifupi, kama mtu anayebisha hodi. Kikisikika tunasema, "Ahaa, leo yupo."

Halafu ukauliza lile swali la kisima kipya. Waziri akajibu kwamba suala liko kwenye mchakato. Tukajua ndiyo basi, unakaa. Hukukaa! Ulisimama na swali la nyongeza ukasema, "Mheshimiwa Spika, wananchi wangu hawanywi mchakato." Bunge zima likacheka, na waziri akacheka, lakini kisima kikachimbwa. Siku hiyo Rre Molefhi alicheza pale kisimani, mzee mzima, na goti lake lile. Mkokoteni wangu mpaka leo umeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu: HATUNYWI MCHAKATO. Nenda kauone, uko nje ya uzio.

Kwa hiyo usituambie mbunge mmoja hawezi kitu. Tumekusikia ukiweza.

ILE KURA

Sasa tunakuja kwenye muswada wa kuruhusu kiwanda cha ngozi za punda.

Siku ya kusomwa mara ya pili, kisimani hakuna aliyeteka maji. Ulipopewa nafasi ya kuchangia tulipiga makofi kabla hujafungua mdomo. Ukasema, nanukuu, "Mheshimiwa Spika, punda ni mnyama aliyepitwa na wakati. Watu wangu wa Mokgalwane siku hizi wanaendesha magari."

Tukaangaliana. Mmoja akauliza, "Mokgalwane ipi hiyo? Ipo nyingine?"

Tukasema labda ni maneno ya siasa tu, kwenye kura atarudi. Spika akaanza kuita majina. Likafika lako. Kikasikika kikohozi.

"Huyo wetu huyo!" Rre Molefhi akasema. "Nyamazeni!"

Ukasema, "Ndiyo."

Mma Boikanyo alikuwa mbali kidogo, anafunga mapipa. Akauliza, "Kasema nini?"

"Kasema ndiyo, Mma."

"Ndiyo punda wabaki?"

"Hapana, Mma. Ndiyo wachunwe."

Akasimama pale na kamba mkononi. "Mwulizeni tena. Labda hakusikia swali vizuri."

"Mma, redio haiulizwi."

"Basi akija hapa tutamwuliza," akasema, akaendelea kufunga mapipa yake.

Ndiyo hii siku yenyewe, Mheshimiwa.

Muswada haujawa sheria, lakini visu vimeshausikia. Mma Boikanyo alikuwa na punda wanne. Watatu tuliwakuta ng'ambo ya mto, nyama imeachwa kwa tai, ngozi hazipo. Watu wa kununua ngozi wanapita kimyakimya tayari, wanasema wanajiandaa. Akabaki na mmoja, tunayemwita Spika kwa sababu akilia wengine wote wananyamaza. Siku iliyofuata kulikuwa na mwanamke wa kuvushwa, uchungu umeshamshika. Mma Boikanyo alimfunga Spika upande mmoja, upande wa pili akashika yeye mwenyewe. Alivuta mchanga ule na umri wake ule mpaka sisi tulipomkuta njiani. Tulimpokea mzigo, tukavuta sisi mpaka zahanati.

Utasema kiwanda ni ajira kwa vijana. Ulisema hivyo bungeni. Mheshimiwa, kijana unayemsema ni mimi. Nataka kazi mpaka usingizi unakatika. Lakini mimi pia nafuga. Punda jike anabeba mimba mwaka mzima, anazaa mmoja, na huyo mmoja anahitaji miaka kabla hajavuta hata debe. Kiwanda hakina subira hiyo. Kitamaliza punda wa jimbo hili nikiwa bado niko kwenye majaribio ya kazi. Halafu nitakuwa sina kazi, sina punda, na maji yatakuwa bado kule kisimani.

Tunajua pia habari za mnadhimu wa chama chako, kwamba ana fimbo yake: akisema ndiyo, nyote ndiyo. Sisi fimbo tunaijua, ni kitendea kazi chetu. Punda anayekwenda kwa fimbo tu, kufika anafika, ila hajui kafika wapi.

YA LEO ASUBUHI

Sehemu hii haikuwepo jana. Nimeiandika juu ya goti sasa hivi, wenzangu walipokuwa wananawa mchanga miguuni. Mwenyekiti kaipitisha kwa kuitikia kwa kichwa.

Mgeni rasmi, gari lako zuri lilizama mtoni. Dereva wako alikanyaga mafuta likazidi kukaa chini kama kuku anayetaka kutaga. Vijana walitaka kulisukuma, halikusogea. Ndipo Mma Boikanyo akaja na Spika, mwenyekiti akaongeza punda wake watatu. Gari halikutoka, ni kweli, limeng'ang'ania. Lakini wewe umefika hapa juu ya mkokoteni, suti haikulowa jasho, na kofia yako ulikuwa umeishika hivi, na watoto waliimba.

Ukamshukuru Mma Boikanyo. Ukamuuliza jina. Yeye akakujibu tu, "Karibu, Rra, shika hapo usije ukaanguka." Sasa jina lake unalijua, na la punda wake unalijua.

Wahenga walisema fadhila za punda ni mashuzi. Kgosi atusamehe kwa kulitaja neno hilo kwenye kgotla yake. Sisi tunaoishi nao tunaona wahenga walimwonea punda. Huyu Spika leo amembeba mtu aliyesema achunwe, na hakupiga teke hata moja. Mimi ningepiga. (Hilo la mwisho mwenyekiti hajaliona.)

OMBI

Risala huwa na maombi mengi. Na sisi tuliyaandika. Daraja la mtoni lilikuwemo. Umeme ulikuwemo, na bati za zahanati, na mipira ya timu ya vijana. Juzi usiku tulikaa tukayafuta moja moja. La daraja lilituuma, kuna mtu alitoka nje kabisa. Lakini Mma Boikanyo alisema, "Mkimpa maombi matano atajibu la mipira, mtampigia makofi, ataondoka." Kwa hiyo tumebakiza moja.

Jumanne muswada unasomwa mara ya tatu. Majina yataitwa tena, na hiyo ndiyo kura ya mwisho. Mheshimiwa Oarabile Sekgwama, tunakuomba useme Siyo.

Usituambie utalipeleka kwenye vikao. Usituambie umelipokea. Usituambie liko kwenye mchakato, maana unajua mwenyewe ni nani alitufundisha kwamba mchakato haunyweki. Ukimaliza kusikiliza utasimama hapa nilipo mimi, mbele ya Kgosi, na Mma Boikanyo atakuuliza lile swali aliloshindwa kuiuliza redio. Utamjibu yeye. Neno moja linatosha, na lolote utakalolisema hatutakuzomea. Tumekubaliana hivyo, na atakayezomea nitamshughulikia mwenyewe.

Stika tunazipokea kwa mikono miwili. Tutazihifadhi kwa mwenyekiti mpaka Jumanne ipite. Mkokoteni usio na punda hauhitaji kuonekana usiku.

Na kuhusu safari yako ya kurudi, usiwe na wasiwasi. Tukimaliza kula, punda wanane watafungwa kamba mbele ya gari lako. Wanane wanalitoa, tumeshawahi. Tutalitoa ukisema Siyo, na tutalitoa ukisema Ndiyo, kwa sababu mtu akizama hapa haulizwi alipiga kura gani. Lakini tunakuomba usipande ndani ya gari likivutwa. Tembea pembeni na sisi. Mchanga ule ni mrefu, na kamba zikikaza utasikia wanavyohema. Ukifika lami utaingia garini, utaenda zako. Na likija kufa siku moja, ekseli yake tutaipokea.

Jumanne redio itakuwa inaning'inia pale pale kisimani. Hatuteki maji siku hiyo mpaka jina lako liitwe. Tutasubiri kikohozi, halafu tutasubiri neno.

Mungu akulinde njiani, mbunge wetu. Amlinde Kgosi, azilinde nyumba zetu na vyote vinavyolala nje ya nyumba zetu. Mvua itunyeshee, ila isubiri gari litoke mtoni kwanza. Pula! Mvua! Wote semeni: Pula!

Ni sisi, wenye fimbo, kamba na subira,

Chama cha Waendesha Mikokoteni ya Punda, Mokgalwane.

Mma Boikanyo, simama. Uliza.